Namna ya Kupata Picha Safi za CT ya Kifua: Mipangilio ya Mashine na Uchakataji wa Picha

Maswali ya wanaoanza kazi kwenye chumba cha CT (mashine ya eksirei inayozunguka mwili na kutoa picha za vipande) hayabadiliki sana. Kwa nini picha zangu za mediastina (sehemu ya kati ya kifua, kati ya mapafu) zimejaa chenga, yaani vidoadoa vinavyoificha picha? Kwa nini daktari wa radiolojia amezirudisha akisema hazisomeki? Kwa nini kinundu kilichopimwa mwaka jana kinaonekana kimekua, ilhali ukikitazama kwa makini hakijabadilika? Na je, nikiongeza mionzi picha itakuwa bora? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe mwanafunzi wa radiografia, au mtaalamu uliyehamia CT hivi karibuni kutoka chumba cha eksirei za kawaida, na unafuata mtiririko wa kazi yenyewe, tangu mgonjwa anapolala kitandani hadi picha zinapoingia kwenye hifadhi.

Kabla ya yote, tambua kwamba mipangilio iko ya aina mbili. Ipo inayoamuliwa kabla mionzi haijatoka: kV (nguvu ya mionzi), mAs (wingi wa mionzi), kasi ya kitanda, vigunduzi vya mionzi vitakavyotumika, pumzi ya mgonjwa na muda wa kusubiri dawa ya kontrasti inayong'arisha mishipa. Hii ukiikosea, hakuna njia ya kuirekebisha ila kumpiga mgonjwa mionzi mara ya pili. Ipo pia inayoamuliwa baadaye kwenye kompyuta: unene wa vipande, keneli (kichujio cha kihesabu kinachofanya picha iwe kali au laini), ukubwa wa eneo la picha na dirisha la kutazamia (safu ya thamani zinazoonyeshwa kwenye skrini). Hii unaweza kuirudia hata mgonjwa akiwa ameshaondoka, mradi data ghafi (vipimo vya vigunduzi kabla havijawa picha) haijafutwa. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kuchanganya makundi haya mawili: picha ina chenga kwa sababu keneli haifai, naye mhusika anaongeza mAs kwa mgonjwa anayefuata.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Fomu ya maombi yenye swali la kitabibu linaloeleweka. Ikiwa imeandikwa "CT ya kifua" tu, mpigie simu aliyeiandika.
- Picha za zamani za mgonjwa, kama zipo, pamoja na mipangilio iliyotumika wakati huo. Mipangilio hiyo imehifadhiwa ndani ya faili za DICOM zenyewe (muundo wa kawaida wa faili za picha za kitabibu).
- Mashine ambayo tyubu yake imepashwa joto na ambayo imefanyiwa urekebishaji wa hewa siku hiyo. Kwenye kipimo cha maji, thamani ya maji iwe karibu na 0 HU (kipimo cha kiasi ambacho tishu huzuia mionzi), na tofauti isizidi takriban 5 upande wowote.
- Protokali ya kifua iliyoidhinishwa na idara yako. Namba zilizomo humu zitakusaidia kuielewa protokali hiyo, na hazikupi ruhusa ya kuibadilisha peke yako.
- Majibu kuhusu ujauzito na, kama dawa ya kontrasti itatumika, kuhusu mzio na hali ya figo, pamoja na kanula imara kwenye mshipa wa mkono.
- Nafasi ya kutosha kwenye diski ya data ghafi. Hili husahauliwa mara nyingi, na mashine nyingi hufuta zenyewe data za zamani nafasi inapopungua.

Hatua ya 1: Soma swali, kisha chagua protokali

Mapafu yana hewa nyingi, na thamani zake huwa takriban kati ya -900 na -700 HU, wakati kinundu kigumu kiko karibu na 0 hadi 50. Tofauti hiyo ya mamia ya vipimo huonekana hata picha ikiwa na chenga nyingi, na ndiyo sababu mionzi kidogo inatosha kutafuta vinundu. Utafiti mkubwa wa Marekani wa uchunguzi wa saratani ya mapafu, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, ulitumia CT ya mionzi kidogo na kuonyesha kwamba vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 20 vikilinganishwa na vya kundi lililopigwa eksirei ya kifua. Kwa mgonjwa wa umbo la wastani, uchunguzi wa namna hiyo hauhitaji kuzidi CTDIvol (kipimo cha mionzi kinachotolewa na mashine) ya 3 mGy.

Mediastina ni habari nyingine. Mafuta yako karibu na -100 na tezi za limfu ambazo hazijapata kontrasti ziko karibu na 40. Tofauti ni ndogo, na chenga huifunika kwa urahisi. Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu tezi, mishipa au hatua ya saratani, unahitaji mionzi zaidi kidogo na kwa kawaida dawa ya kontrasti. Ukiulizwa kuhusu makovu ya tishu za mapafu, unahitaji vipande vya milimita 1 bila kontrasti, na pengine picha za ziada mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, kwa sababu sehemu ya nyuma ya pafu hubanwa na uzito na huonekana kama ugonjwa ilhali ni mlalo tu.

Hatua ya 2: Mlaze mgonjwa katikati kabisa ya gantri (duara la mashine)

Mikono iwe juu ya kichwa. Mikono ikibaki ubavuni huzuia mionzi, huleta mistari ya mlalo inayokata kifua kizima, na huilazimisha mashine kutoa mionzi mingi zaidi. Ondoa mikufu, sidiria yenye chuma, na nyaya za kufuatilia moyo zinazoweza kusogezwa.

Kisha pima urefu wa kitanda kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ubora mwingi hupotea bila mtu kutambua. Kichujio kilicho mbele ya tyubu kimetengenezwa kwa kuamini kwamba sehemu nene ya mwili iko katikati. Mgonjwa akiwa chini au juu mno, sehemu nene hupata mionzi pungufu na sehemu nyembamba hupata ya ziada. Zaidi ya hapo, picha ya awali ya kupangia mipaka hudanganyika: tyubu ikiwa chini ya kitanda na mgonjwa akawa ameshushwa mno, kivuli chake hukuzwa, mashine humwona mnene kuliko alivyo na kumpa mionzi isiyo ya lazima, akiwa ameinuliwa mno, humwona mwembamba na chenga huongezeka. Mwanga wa pembeni uguse katikati ya unene wa kifua chenyewe, hata kama tumbo lake ni kubwa.

Hatua ya 3: Mfundishe kupumua kabla hujaingia chumba cha udhibiti

Naiweka hatua hii juu ya mipangilio yote ya mashine. Hakuna keneli wala programu itakayorudisha kinundu cha milimita 4 kilichofutwa na mwendo wa kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), na hakuna dirisha litakalotofautisha ukungu wa ugonjwa na ukungu wa pafu lisilojaa hewa.

Mweleze kwa lugha anayoielewa: avute pumzi ndefu, aitoe, avute tena, kisha abane bila kusogea mpaka aambiwe aachie. Fanya naye mazoezi mara mbili ukiwa umemtazama tumboni na kifuani. Wapo wanaobana pumzi baada ya kuitoa, wapo wanaovuta kidogo kidogo wakiwa wamebana, na wapo wanaoachia sauti ya mashine inapobadilika. Yote haya utayaona kwenye mazoezi. Ikiwa hawezi kubana hata kwa sekunde 5, ni afadhali apumue taratibu huku wewe ukiharakisha upigaji, kuliko abane kwa nguvu kisha aachie ghafla katikati ya mapafu.

Onyo: sauti iliyorekodiwa kwenye mashine haichukui nafasi ya mazoezi. Mgonjwa asiyesikia vizuri au asiyejua lugha iliyorekodiwa atatii anachokisia.

Hatua ya 4: Piga picha ya awali na uweke mipaka

Anza juu kidogo ya ncha za mapafu na uishie chini ya pembe za nyuma za kiwambo. Kwa saratani ya mapafu, shuka hadi tezi zilizo juu ya figo. Usiongeze sentimita za tahadhari zisizo na swali, kwani shingo na tumbo vitapata mionzi bila faida.

Hatua ya 5: Weka kV na mAs

kV 120 ni ya kawaida kwa mtu mzima. Mgonjwa mwembamba anaweza kupigwa kwa 100, na ukitumia kontrasti kupungua huko kuna faida ya pekee: ayodini iliyo ndani ya dawa huzuia zaidi mionzi yenye nguvu ndogo, hivyo mishipa hung'aa zaidi ingawa kiasi cha dawa hakijaongezwa. Kwa mgonjwa mnene usishushe kV kwa pupa, maana mionzi dhaifu haitapenya mabega na utapata chenga na mistari.

mAs huamua wingi wa mionzi, na chenga hupungua kwa kipeuo cha pili tu cha wingi huo. Maana yake ni kwamba ukitaka chenga zipungue kwa nusu, lazima mionzi iongezwe mara nne. Bei hii ni kubwa, na inalipwa na mgonjwa. Jibu la swali la mwanzo ndilo hili: kuongeza mionzi husaidia, lakini mara nyingi ndiyo njia ghali kuliko zote za kupata kile ambacho keneli laini au kipande kinene kidogo kingekupa bure.

Washa udhibiti otomatiki wa mionzi, kwani kifua hakina unene mmoja: mabegani panahitaji mionzi mingi, katikati ya mapafu panahitaji kidogo.

Onyo: fahamu kipimo ambacho mashine yako hutumia. Kwenye mashine nyingine unaandika kiwango cha chenga unachokubali, na namba ikipungua mionzi huongezeka. Kwenye nyingine unaandika mAs ya rejea, na namba ikipungua mionzi hupungua. Mtu aliyezoea aina moja akihamia nyingine anaweza kumzidishia mgonjwa mionzi huku akiamini anaipunguza.

Hatua ya 6: Pangilia kasi

Kasi hutokana na vitu vitatu: muda wa mzunguko mmoja wa tyubu, upana wa safu ya vigunduzi, na uwiano wa mwendo wa kitanda kwa upana huo, unaoitwa pichi. Chukua mfano wa safu ya milimita 40, mzunguko wa sekunde 0.5 na pichi ya 1: kitanda husogea milimita 80 kwa sekunde, na kifua cha milimita 320 huisha ndani ya sekunde 4. Safu ikiwa milimita 20, kifua hichohicho huchukua sekunde 8, na wengi wenye shida ya kupumua hawafiki hapo. Pandisha pichi hadi 1.4 na utapata chini kidogo ya sekunde 6.

Tumia mzunguko mfupi kadiri tyubu inavyoruhusu, kwa sababu moyo haubani pumzi. Angalia tu kama mashine inapandisha mA (mkondo wa umeme wa tyubu) yenyewe pichi inapoongezeka; ikifika kikomo chake, chenga zitaongezeka. Chagua pia vigunduzi vyembamba, kwani ukikusanya data kwa vigunduzi vya milimita 2.5 hutaweza kamwe kuunda kipande cha milimita 1.

Hatua ya 7: Kama kuna kontrasti, linganisha muda na swali

Kwa donge la damu kwenye mishipa ya mapafu, weka alama ya kufuatilia kwenye shina la mshipa wa mapafu na uanze upigaji thamani inapopanda takriban HU 100 hadi 150 kwa mujibu wa protokali yako. Dawa iingie kwa mililita 4 hadi 5 kwa sekunde na ifuatwe na maji ya chumvi, ili vena kava ya juu isibaki na dawa nzito inayorusha mistari kwenye mishipa ya pafu la kulia. Kupiga kutoka chini kwenda juu kunasaidia pia, kwa kuwa sehemu ya chini ndiyo inayosogea zaidi mgonjwa akishindwa kubana.

Katika uchunguzi huu peke yake, usimwambie avute pumzi ndefu kupita kiasi. Akivuta kwa nguvu, damu isiyo na dawa kutoka tumboni huingia moyoni kwa wingi na kuikata mishipa ya mapafu katikati, nawe utapata mishipa myeusi inayoonekana kama imeziba. Pumzi ya kawaida iliyobanwa kwa utulivu inatosha.

Hatua ya 8: Kagua kabla mgonjwa hajashuka

Pitia picha haraka ukiwa na maswali matatu. Je, mapafu yote yamo, tangu ncha hadi pembe za chini? Je, mgonjwa alivuta pumzi? Tazama koromeo la hewa (trakea): ukuta wake wa nyuma ukiwa umenyooka au umetuna kuelekea nyuma, pumzi ilikuwa nzuri; ukiwa umeingia ndani, alikuwa anatoa pumzi. Je, kingo za kiwambo ni kali? Ikiwa sehemu ndogo tu imeharibika, rudia sehemu hiyo peke yake.

Hatua ya 9: Unda picha kutoka data ghafi

Unda angalau seti mbili, kila moja kwa kazi yake. Kwa mapafu, vipande vya milimita 1 na keneli kali, kwa sababu unatafuta kingo za njia ndogo za hewa na kuta za vifuko vya hewa. Kwa mediastina, keneli laini na vipande vya milimita 2 hadi 3. Kipande cha milimita 1 kina chenga zaidi ya mara mbili ya zile za kipande cha milimita 5 kilichotokana na data ileile, na keneli kali huzikuza tena. Ndiyo maana anayefungua seti ya mapafu kwenye dirisha la mediastina huona chenga tupu na kudhani mashine imeharibika. Hili ndilo chanzo cha malalamiko mengi kuliko jambo lingine lolote katika mwongozo huu.

Vipande vipishane kidogo, kwa mfano unene wa milimita 1 kwa kila milimita 0.7, ili picha zinazoundwa kwa kuukata mwili kutoka mbele na kutoka pembeni zisiwe na ngazi. Eneo la picha lifuate ukingo wa mbavu. Picha ina pikseli 512 kwa 512. Ukiacha eneo la milimita 500, kila pikseli hubeba karibu milimita 1, na ukilibana hadi 350, hubeba milimita 0.68. Kukuza picha kwenye skrini baada ya hapo hakuongezi undani wowote, hivyo kwa eneo dogo linalotiliwa shaka unda upya picha kutoka data ghafi.

Uundaji wa marudio (kompyuta kuikokotoa picha mara kadhaa ili kuondoa chenga), pamoja na ule wa akili unde, hupunguza chenga sana na huruhusu mionzi kupunguzwa. Chagua kiwango cha kati mwanzoni. Kwenye viwango vya juu picha huwa laini mno kama plastiki, na ukungu hafifu au vijimistari vyembamba vya tishu vinaweza kufifia pamoja na chenga. Usishawishike na uzuri wa picha. Mwulize daktari anayezisoma.

Onyo: kwa mgonjwa anayefuatiliwa, tumia unene na keneli zilezile za mara ya kwanza. Keneli kali hubadilisha ukingo wa kinundu na hivyo ujazo wake unaopimwa na programu. Kipimo cha uharibifu wa vifuko vya hewa, kinachohesabu sehemu ya pafu iliyo chini ya -950 HU, hupanda pia chenga zinapoongezeka, bila ugonjwa kusogea hata kidogo. Kwa vinundu, miongozo ya Fleischner Society (chama cha kimataifa cha wataalamu wa picha za kifua) ya mwaka 2017 inapendekeza vipande visivyozidi milimita 1.5.

Hatua ya 10: Weka madirisha na picha za ziada

Kwa mapafu, upana 1500 na kitovu -600. Kwa mediastina, upana 400 na kitovu 40. Kwa mifupa, upana 2000 na kitovu 500. Dirisha halibadilishi data, lakini hubadilisha kinachoonekana: kwenye dirisha jembamba kinundu cha ukungu hupotea kabisa.

Picha za thamani za juu kabisa, zenye unene wa milimita 8 hadi 10, huvitenga vinundu vidogo na mishipa, kwa kuwa mshipa huonekana mrefu na kinundu hubaki duara. Za thamani za chini kabisa huonyesha njia za hewa na maeneo yaliyonasa hewa. Zote ni nyongeza. Vipande vyembamba lazima viende hifadhini pia, katika muundo wa DICOM. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini haina HU wala dirisha, na haifai kwa uamuzi wa matibabu.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Chenga kwenye picha zote.* Fuata mpangilio huu: je, umefungua seti sahihi kwenye dirisha sahihi? Je, keneli na unene vinafaa? Je, mgonjwa alikuwa katikati? Je, mA ilifika kikomo? Swali la kuongeza mionzi ni la mwisho.

*Mistari ya mlalo mabegani.* Mionzi haikupenya. Hakikisha mikono ilikuwa juu, udhibiti otomatiki umewashwa na kV haikushushwa mno. Seti iliyopo inaweza kusaidiwa na keneli laini na vipande vinene kidogo.

*Mishipa miwili mahali pa mmoja, karibu na moyo.* Ni mapigo ya moyo. Kwenye pafu la kushoto chini, hali hii huiga njia za hewa zilizopanuka. Linganisha na pafu la kulia kabla ya kuamini; mzunguko mfupi wa tyubu huipunguza.

*Ukungu umeenea mapafu yote kwa usawa.* Rudi kwenye ukuta wa nyuma wa koromeo la hewa. Ikiwa umeingia ndani, andika kwenye maelezo kwamba picha zilipigwa mgonjwa akiwa ametoa pumzi, ili msomaji asiite hali hiyo ugonjwa.

*Duara zenye kitovu kimoja.* Kigunduzi kimoja au zaidi kimepoteza urekebishaji. Fanya urekebishaji wa hewa. Zikirudi, simamisha kazi na mwite mhandisi.

*Programu inasema kinundu kimekua.* Fungua taarifa za DICOM za safari zote mbili na ulinganishe unene, keneli, kV na kina cha pumzi. Vikitofautiana, unda upya seti mpya kwa mipangilio ya zamani ikiwa data ghafi bado ipo, kisha pima tena. Ikiwa imeshafutwa, mjulishe daktari kwa maandishi kwamba vipimo hivyo viwili havilingani kimipangilio.